Kitana Kisichoingia Pichani

Picha ya saba ilikuwa na kasoro. Kibao cha manjano chenye namba kilionekana vizuri, kimesimama sakafuni kando ya cherehani, na rula ya kupimia imelazwa mbele yake. Ila kati ya kibao na rula hapakuwa na kitu. Sajini aliisogelea kompyuta, akatazama tena, kisha akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Kitana kilikuwepo. Yeye mwenyewe ndiye aliyekiokota kwa glovu, kitana cheusi cha mti chenye unywele mmoja mrefu kuliko mkono wake, akakitia kwenye bahasha ya karatasi na kuandika saa. Na sasa Koplo, mpiga picha anayesifiwa kila kona, alikuwa amekikosa.

Sajini hakuwa mwanamke mbaya. Kwa miaka kumi na mmoja, popote mtu alipokutwa amekufa kifo cha mashaka, aliitwa yeye. Ndiye aliyefunga utepe na kuwarudisha majirani nyuma, ndiye aliyewafundisha askari kwamba nguo yenye damu haifungwi kwenye plastiki, inaoza. Walimtania kituoni kuwa cheo chake ukikikata mwanzo kinabaki jini, naye alicheka nao.

Halafu akaja Koplo, binti wa miaka ishirini na sita mwenye macho ya mwewe. Wiki yake ya kwanza aliona alama ya kidole kwenye balbu ambayo Sajini alikuwa amepita chini yake mara tatu. Inspekta akamsifu mbele ya kituo kizima. Tangu siku hiyo chakula kilikuwa hakimshuki Sajini.

Na Jumatatu hii ndiyo ilizidi. Mke mdogo wa mfanyabiashara wa vitambaa alikutwa amelalia cherehani yake, mlango umefungwa kwa ndani, mdomo wazi, shingoni hana hata mkwaruzo. Mke mkubwa alikamatwa, kwa kuwa majirani walimsikia akiapa kwamba sauti ya yule mwenzake, anayeimba akishona kutwa nzima, itanyamaza siku moja. Kwenye maelezo yake alirudia neno moja tu: "Nilimjibu. Kosa langu nilimjibu." Hakuna aliyemwelewa. Usimamizi wa eneo la tukio Inspekta akampa Koplo.

"Sajini, wewe utamsaidia," alisema.

Utamsaidia! Neno hilo alilibeba hadi kwenye kompyuta.

Kwa hiyo ile picha aliipeleka mbio kwa Inspekta. Koplo akaitwa.

"Afande, nilikipiga," Koplo alisema, uso umemshuka. "Nilikiona kwenye kioo cha kamera, kweli tupu."

"Basi kimekwenda wapi? Kimeenda sokoni?" Sajini aliuliza.

Inspekta alikunja uso. "Mzigo uende maabara. Sajini aandae fomu, Koplo asaini kama msimamizi. Na sitaki kosa jingine."

Jumanne, jua la saa sita, Sajini alijifungia chumba cha vielelezo kujaza fomu ya maombi ya uchunguzi. Unywele, chunguza ni wa nani. Kikombe cha marehemu, chunguza kama kina sumu. Koplo alikuwa amekwisha kusaini na kubandika lakiri nyekundu ya kufungia kwenye kila bahasha. Nje askari walikuwa wakibishana mpira. Ndipo harufu ikaja, manukato ya waridi na chini yake nywele zilizoungua. Sajini akafikiri ni mtu anapita uchochoroni, akainuka kufunga dirisha, akakuta limefungwa. Aliporudi kukaa kelele za mpira zilikuwa zimekoma, si kana kwamba watu wameondoka bali kana kwamba chumba kimezibwa masikio, na katika ukimya ule akasikia meno ya kitana yakipita kwenye nywele ndefu, taratibu, kutoka utosini hadi mwisho, na tena kutoka utosini, karibu mno na bega lake la kushoto, hadi nywele zake mwenyewe zikasisimka chini ya kofia na akashindwa kugeuka, na sauti ya kike, tamu, ya shoga anayekuonea huruma, ikamuuliza:

"Anakuzidi nini?"

Angeweza kunyamaza. Lakini swali lile alikuwa akijiuliza kila asubuhi kwa miezi minane, na jibu lilikuwa limeiva mdomoni.

"Macho," alinong'ona.

Kelele za mpira zikarudi. Sajini aliketi akitweta, na kabla woga haujamwisha akauona mkono wake mwenyewe ukiinuka. Kidole gumba kikaibandua lakiri ya bahasha ya saba, ile ya kitana, kidogo tu upande mmoja, juu kabisa ya sahihi ya Koplo. Hakuna aliyemshika mkono. Hilo baadaye hakulificha.

Alhamisi mzigo ulirudishwa na barua fupi: lakiri imefunguliwa, makabidhiano hayaaminiki, uchunguzi hauwezi kufanyika. Inspekta alimfokea Koplo hadi mishipa ikamtoka, akamsimamisha kazi. Koplo alikuwa amesimama akiyafikicha macho, na alipogeuka kutoka alijigonga kwenye fremu ya mlango, akapapasa ukuta kwa viganja viwili.

"Afande Sajini," aliita kwa sauti ndogo, "mbona mmezima taa?"

Ilikuwa saa nne asubuhi.

Walimkimbiza hospitali. Daktari alisema macho ni mazima na haoni kinachoyaziba. Sajini alirudisha bahasha chumba cha vielelezo, na mara tu alipoiweka rafuni, sauti ile ikacheka kidogo nyuma ya sikio lake. "Nimeshayachukua. Asante, mwenzangu."

Alitoka mbio hadi mahabusu, akapiga magoti mbele ya nondo.

"Mama," alimwambia yule mke mkubwa, "ulimjibu nani?"

Mwanamke akaziba mdomo kwa kanga. "Ya Rabi. Na wewe?"

"Nilisema macho."

"Mimi nilisema sauti." Alinong'ona kama anayeogopa kuta. "Siku ya tatu ikamtoka na roho. Kabla ya hapo nilikuwa nimekwenda kwa tabibu, mzee wa kisomo. Akasema kupunga pepo na hirizi havitamgusa huyu, huyu anakula kijicho kilichofichwa. Nenda kwa uliyemwonea, umwambie usoni, umtajie ulichokitamani na ulichokifanya. Nikaona aibu, mwanangu. Nimwambie mke mwenzangu kwamba namtamani sauti? Nikasema kesho. Wewe nenda sasa hivi, usivae hata kofia."

Koplo alikuwa amelala na bandeji machoni, akipumua kwa kukorota. Chumba kizima kilinuka waridi. Upande wa pili wa kitanda godoro lilikuwa limebonyea, kama mtu amekaa hapo akingoja.

"Koplo, ni mimi," Sajini alisema, na ulimi ukawa mzito kama jiwe la kusagia, kwa kuwa godoro lile lilikuwa limeanza kuinuka na kitu kisichoonekana kilikuwa kikizunguka kitanda kuja upande wake, kikiburuta nywele sakafuni, lakini alijikaza akasema hadi mwisho. "Nakuonea wivu. Tangu ile balbu. Nilitaka macho yako, nikayataja. Lakiri niliibandua mimi. Nitamwandikia Inspekta leo hii."

Pumzi ya moto ikampita shavuni, kitasa cha mlango kikazunguka chenyewe, mlango ukafunguka na kujibamiza.

Koplo aliivuta bandeji. Alipepesa macho, machozi yakimtiririka, akamkodolea Sajini.

"Nakuona," alisema. "Na sijui kama nitakusamehe."

Sajini aliandika maelezo yake, akavuliwa cheo. Mke mkubwa aliachiwa kwa kukosa ushahidi. Sheria haina kifungu cha kosa lake. Koplo alirudi kazini, na yule aliyekuwa mkubwa wake akabaki akishika daftari kwenye utepe, akiandika wanaoingia na wanaotoka. Wivu haukuisha. Kwa hiyo kila asubuhi alimfuata Koplo mezani akamwambia bila kupepesa, "Leo pia nakuonea wivu." Naye Koplo, bila kuinua kichwa, alijibu, "Nimesikia." Mwaka mzima ukapita hivyo, kwa amani.

Kisha Koplo akapandishwa cheo na kuhamishiwa makao makuu. Walimuaga kwa soda na makofi, akaondoka na gari la saa tano.

Asubuhi iliyofuata mwanamke yule wa daftari aliketi peke yake ofisini, akampigia Koplo simu ili aseme maneno yake ya kila siku. Iliita hadi ikakatika. Akapiga tena, akasikia namba haipatikani. Alianza kuandika ujumbe, vidole vikikosea herufi, na kabla hajaumaliza harufu ya waridi ikaja, na kiti kilichokuwa tupu upande wa pili wa meza kikavutwa nyuma, taratibu, kikasogezwa mbele, kama mtu anayekaa kwa mazungumzo marefu.