Busaa ya Harusi ya Nanyama

"Onja wewe kwanza, binti yangu," Mzee Khaemba alisema. "Mpika pombe ndiye hutangulia."

Nanyama aliinama akavuta kwa mrija. Mbele yao kulikuwa na vyungu vitatu vya busaa aliyoipika mwenyewe katika kilabu karibu na stesheni ya Nakuru: kimoja cha mahindi, kimoja cha mtama, cha tatu kimekolezwa kimea cha wimbi. Ilikuwa mwaka wa 1958, na mzee alikuwa ametoka Kimilili kuchagua pombe ya harusi. Bwana harusi, Nyongesa, mtoto wa ndugu yake na karani wa reli, aliketi kando yake na tai shingoni.

"Hii ya wimbi inaingia polepole, halafu inakushika," mzee alisema.

"Basi ni hiyo," Nyongesa alidakia. "Twende, baba."

Haraka hiyo ilimshangaza Nanyama. Akafuata macho ya mchumba wake hadi mlangoni. Alikuwa amesimama pale mwanamume mwenye ovaroli ya masizi, kofia mkononi.

Masinde. Jina alilojilazimisha kulisahau.

"Kumbe uko Nakuru?" Masinde aliuliza.

"Nilienda wapi?"

"Niliambiwa uliolewa Bungoma, na una mtoto."

"Mimi niliambiwa umeoa Jinja, hata salamu zangu huzitaki."

"Nani alikuambia?"

"Rafiki yako. Yule uliyemwachia aniangalie ulipohamishiwa Jinja."

Masinde akamgeukia Nyongesa.

"Huyu amelewa," Nyongesa alisema, akisimama na kumgeukia Nanyama. "Shemeji, usimsikilize."

Mzee Khaemba aliutoa mrija mdomoni.

"Umemwita nani?"

"Ulimi umeteleza, baba."

"Ulimi huteleza kwa njia uliyoizoea. Alikuwa shemeji yako kwa nani?"

Nyongesa alilegeza tai yake. Alipofungua kinywa, sauti ilikuwa ndogo.

"Nilikuwa nakaa naye akilia kwa ajili ya mtu mwingine. Nilimpenda, baba. Hakuwa ananiona."

"Kwa hiyo umenitoa nyumbani nije nikuposee mke wa mwenzako." Mzee alichukua fimbo yake. "Binti, utusamehe. Hapa hakuna harusi."

Wakatoka, mzee mbele, kijana nyuma.

Masinde akapiga hatua kumkaribia Nanyama.

"Simama hapo hapo," alimwambia. "Yeye alidanganya. Wewe je? Unafanya kazi kwenye treni, Masinde. Ulishindwa kushuka Nakuru uniulize?"

"Niliogopa kukukuta na mtoto wa mtu."

"Ukaona heri nilie peke yangu."

Masinde aliinamisha kichwa, na Nanyama akaona machozi yakichora mistari kwenye masizi ya uso wake. Bado alikuwa na hasira, lakini hakutaka Masinde aondoke. Hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

"Mimi pia sikupanda treni kukufuata Jinja," alisema mwishowe. "Sasa sikia. Ukinitaka, nenda kwa baba. Chukua wazee wako, lakini useme mwenyewe. Usimtume mtu tena."

Masinde alikwenda. Baba yake Nanyama alipouliza ni nani msemaji wa wageni, wazee walitazamana. Masinde akasimama katikati yao.

"Ni mimi, mzee. Nimekuja na mdomo wangu."

Kabla ya Krismasi walioana.