Ndege Anayejifanya Mgonjwa

Mama Miche huuza miche ya matunda nyuma ya nyumba yake. Miche inataka mboji, na mboji nzuri ni majani yaliyooza kule mlimani, ukingoni mwa msitu. Basi hupanda huko kila asubuhi na reki na magunia mawili. Mumewe ni seremala. Siku akikosa kazi humsindikiza, akilalamika njia nzima.

"Mke wangu, magoti haya si ya kuazima."

"Panda, mzee. Maneno hayajazi gunia."

Siku tatu mfululizo walimkuta ndege yuleyule. Alichomoka karibu na miguu yao, akaanguka hatua chache mbele, akaburuta bawa moja. Mama Miche ana huruma kupita kiasi. Siku ya tatu alitupa reki.

"Maskini wa Mungu! Leo lazima nikufunge hilo bawa."

Akamfuata na kanga mkononi. Mumewe alikatiza kwenye majani na mabuti yake mazito, amzibie njia. Kila wakikaribia, ndege alisogea. Walipofika mbali akaruka zake, mzima kabisa.

"Eti mgonjwa!" seremala akacheka. "Katuchezea shere!"

Mlinzi wa msitu, mwanamke wa makamo, aliwaona. Yeye hakucheka.

"Huyo ni kirukanjia," alisema. "Si mgonjwa. Anawavuta mbali na mayai yake."

"Kiota chake kiko mti gani, dada?" Mama Miche akauliza.

"Hana kiota. Hutaga chini, juu ya majani hayahaya mnayokusanya."

Mama Miche akajishika mdomo.

Walirudi polepole, mlinzi mbele, kila mmoja akikanyaga alipokanyaga mwenzake. Pale ndege alipochomokea palikuwa na yai moja jeupe lenye madoa. Kando yake palikuwa na alama ya buti na ganda lililopondeka.

Seremala alitazama chini. "Ni mimi," alisema. Alijisikia vibaya sana.

"Msiliguse lililobaki," mlinzi akasema. "Tuondoke upesi. Baridi hii ikilipoza, kifaranga atafia ndani."

Walijibanza mbali, wakangoja. Hatimaye ndege alishuka.

"Mbona simwoni?" seremala akanong'ona.

"Unamtazama, bwana," mlinzi akajibu. "Rangi yake ni ya majani makavu, kahawia na kijivu. Macho ni makubwa, ila mchana huyafumba nusu. Mdomo ni mdogo, lakini akiufungua ni mpana, una vinywele pembeni. Usiku huruka ukingoni mwa msitu akidaka nondo na mbawakawa."

"Sasa mboji tutatoa wapi?" Mama Miche akauliza.

"Chukueni kando ya njia ya magari, mpaka kifaranga aruke. Na popote mtakapomwona ndege anaburuta bawa, simameni. Tazameni alikotoka, kisha mrudi nyuma taratibu."

Wakahamia huko. Mama Miche hakupungukiwa mboji hata gunia moja.

Wiki ya sita mlinzi alipita nyumbani kwao. "Ameruka jana!" alisema.

Mama Miche akapiga kigelegele. Seremala aliweka randa chini.

"Walikuwa wawe wawili," alisema.

Tangu siku hiyo, akiona mtu anapanda mlimani na reki, huacha kazi na kutoka mlangoni.

"Ukiona ndege anachechemea, usimfuate! Angalia miguu yako!"