Tundu Chini ya Ngazi ya Mnara

Plasta iligoma kukauka. Jua kali, upepo wa bandarini unapuliza, lakini ukuta ule chini ya ngazi ya mnara wa taa ulikuwa ukitoka jasho kama mtu mwenye homa.

"Shemeji, tungeita kwanza kabla ya kuziba tundu," fundi mwashi alinong'ona.

"Tungemwita nani, panya?" Msimamizi, kaka wa mke wa fundi, akacheka. "Wageni wanakuja kuuzindua mnara Ijumaa, wewe unaniletea mambo ya mababu!"

Sasa sikiliza. Mafundi wa majengo ya kale hawazibi tundu kimyakimya. Unaingiza kichwa, unaita mara tatu, "Tunafunga! Aliyemo atoke!" Unasubiri, ndipo unaweka jiwe. Juzi fundi alikuwa ameshafungua kinywa, shemeji akamcheka mbele ya vibarua, naye akaona aibu, akaziba. Ama kweli, majuto ni mjukuu.

Tangu hapo ukuta ukawa unagongwa, taratibu, kwa ndani. Nyumbani nako mkewe akalalamika: "Mume wangu, mbona chumbani kunanuka chokaa mbichi? Na nani anagonga kabatini?"

"Panya," akamjibu. Alimpenda mno, hakutaka kumtisha.

Ijumaa mchana alirudi nyumbani, akakuta mlango wa chumba haupo. Mahali pake pana ukuta, umepigwa plasta mbichi, na alama za mwiko ni zake mwenyewe, anazijua, na huko ndani mkewe analia, "Mume wangu, mbona umefunga bila kuniita?"

Lo! Alichomoka na nyundo, akawapita wageni wakipiga makofi, akampita shemeji aliyekuwa akimfokea, akaubomoa ukuta wa mnara, akaingiza kichwa gizani na kuita mara tatu kwamba aliyemo atoke, amsamehe, amrudishie mke wake, tafadhali.

Tundu lilikuwa tupu, kavu kabisa.

Akarudi nyumbani mbio. Mlango upo! Mkewe akaufungua akitabasamu, akijipangusa chokaa kwenye nywele. Fundi nusura amkumbatie.

"Umeniita, nimetoka," akasema yule mwanamke. "Yeye atasubiri, kama nilivyosubiri mimi. Karibu, mume wangu."

Nyuma yake, ndani ya ukuta, mtu alikuwa akigonga taratibu, akimwita fundi kwa jina la utani ambalo mkewe peke yake ndiye aliyelijua.