Matanga Yaliyongoja Kamba

Mikate ilikataa kuumuka. Wahiba aliipanga juani darini kama alivyozoea tangu ujana wake, kila donge juu ya kisahani chake cha udongo, akangoja mpaka jua lilipofika utosini. Madonge yalibaki bapa vilevile. Alipoligusa moja, lilikuwa baridi kama jiwe la kisimani, ingawa dari lenyewe lilikuwa likimuunguza nyayo.

"Chachu yako imezeeka, mama," alisema mwanawe Dahi alipoona mikate ya mchana. "Imekuiga wewe."

Wahiba hakucheka. Katika nyumba ile hakuna aliyecheka wala aliyelia kwa miezi minane, tangu siku mwanawe mkubwa, Rifai, alipokutwa zizini amekatwa shingo kwa panga la miwa. Matanga hayakuwekwa. Katika vijiji vile vya kandokando ya mto Nili, nyumba ya aliyeuawa haipokei pole mpaka muuaji afe. Viti havipangwi, kahawa haimiminwi, na mama wa marehemu haruhusiwi kulia.

Muuaji alijulikana. Ni Bakhit, mwangalizi wa pampu ya maji, aliyegombana na Rifai mbele za watu kwa sababu ya zamu ya kumwagilia. Siku ya mauaji Wahiba alikuwa darini, akamwona mtu wa kanzu ya bluu akikimbilia kwenye miwa. Aliapa mbele ya mahakimu watatu kwamba mtu huyo ni Bakhit. Faili likapelekwa kwa Mufti atoe rai yake, kama ilivyo kwa kila hukumu ya kifo, likarudi, na hukumu ikasomwa: kunyongwa. Ilibaki kamba tu.

Kesho yake, adhuhuri, kijiji kizima kimelala kwa joto, Wahiba alisikia viatu zizini. Vilitembea polepole, cha kushoto kikiburuzwa, na Rifai alikuwa akiburuza mguu wa kushoto tangu alipopigwa teke na ng'ombe. Ikafuata harufu ya miwa iliyokatwa sasa hivi, na ndani yake harufu nyingine, kama ya chuma kilicholowa. Kisha sauti ikanong'ona nyuma ya ukuta, kama ya mtu aliyetia kinywa ndani ya mtungi. Ng'ombe alikata kamba, akatoka, na hakukubali tena kuingia.

Dahi naye alisikia.

"Ni jini la damu," alisema kwa sauti ya chini. "Linainuka pale mtu alipochinjwa, linavaa sauti yake."

"Linasema nini?"

"Majini hayasemi kitu cha maana, mama. Usilisikilize."

Alipanda pikipiki saa ileile, akarudi na Sheikh Tawwab, mzee mnene aliyeteremka huku akilalamikia mgongo. Sheikh alitafuta mahali damu ilipotuama, akasoma aliyoyasoma, akapigilia msumari mpya mrefu mpaka ukabaki kichwa tu.

"Hatoki tena," alisema. "Siku muuaji atakaponyongwa na matanga yakaanza, ataondoka mwenyewe. Msiung'oe. Na wewe Dahi, siku nyingine nipe nafasi ya kukaa kwenye hiyo pikipiki, sio ya kuning'inia."

Zizi likanyamaza, na kunyamaza kule ndiko kulikomuumiza Wahiba. Miezi minane alikatazwa kumlilia mwanawe, na sauti yake iliporudi, ilipigiliwa ardhini.

Ikabaki wiki moja kabla ya Bakhit kunyongwa. Wakili wa Bakhit, Ustadh Mutawalli, alikuja na viatu vyeupe kwa vumbi, akakataa kuketi.

"Mama Rifai, nina swali moja tu. Uliuona uso wake?"

"Niliona mgongo."

"Mahakamani ulisema ni Bakhit."

"Nilimjua."

"Kwa mgongo?"

Wahiba alitazama mikono yake. Alikumbuka jioni ile ya mauaji alipomwambia Dahi kwamba ameona kanzu ya bluu. Dahi alikuwa akinawa bombani, mgongo wazi, nguo zake zikiwa zimelowekwa ndani ya ndoo. Alijibu bila kugeuka, "Bluu? Basi ni Bakhit, mama. Nani mwingine?" Polisi alipoketi mbele yake na kalamu, mgongo ule ulikuwa umekwisha kupata uso.

"Nitarudi kesho baada ya adhuhuri," alisema wakili. "Ukisema mbele ya mwendesha mashtaka kwamba huna hakika, kamba inasimamishwa. Aliyefungwa amefungwa kwa maneno yako, hakuna ushahidi mwingine."

Kesho yake, Dahi alipojilaza, Wahiba alichukua koleo akaingia zizini. Alijiambia kwamba hana shaka yoyote, anataka kumsikia mwanawe tu. Aliubana msumari kwa koleo, kwa mikono miwili, akauvuta, nao ukatoka kwa urahisi kama jino la mtoto, na papo hapo baridi ikapanda kutoka ardhini, ikapita kwenye magoti yake na tumbo lake, na harufu ya miwa ikajaa mpaka akashindwa kuvuta pumzi, na kwenye kona isiyofikiwa na jua akaona kitu chenye kimo cha Rifai, kinaburuza mguu kama Rifai, lakini kichwa kimelala begani kama mfuniko wa mtungi uliosahauliwa wazi, na sauti haikutoka kinywani mwake, ilitoka chini zaidi, pale penye uwazi.

"Dahi, ndugu yangu, weka panga chini. Liuze shamba, uza lote, sitasema kitu. Dahi, mama yuko darini. Atatusikia."

Siku ile Wahiba hakuwa amesikia. Alikuwa akigeuza mikate.

Kitu kile kilisogea mpaka usoni pake, kikamnusa, na Wahiba akahisi kama amemeza konzi ya unga baridi. Kisha kona ikawa tupu.

Dahi alikuwa amesimama mlangoni.

"Umeung'oa," alisema.

"Amekutaja wewe."

"Sikukusudia, mama. Tulikuwa tunabishana tu, shamba hili na lile, halafu nikaona amelala."

"Bakhit ana mama yake."

"Na mimi sina?" Dahi aliokota nyundo, akaipangusa kwa kanzu yake. "Ukimwambia yule wakili, jioni watakuja kunichukua. Kamba ile ile nitavaa mimi. Utampikia nani? Ulizaa wawili, mama. Sasa hesabu mwenyewe wangapi wamebaki."

Akamtia nyundo mkononi. Wahiba alipiga magoti, akaupigilia msumari mwenyewe, mpaka kichwa kikazama udongoni.

Mlango wa nje ukagongwa. Ustadh Mutawalli alikuwa na karatasi tayari.

"Nilimwona Bakhit," alisema Wahiba. "Kwa macho yangu haya."

Wakili aliikunja karatasi mara mbili, mara nne. "Bakhit anakusalimia," alisema. "Amesema hana kinyongo. Anasema uliona mtu ukakosea, na kila mtu hukosea."

Wahiba alifunga mlango.

Bakhit alinyongwa Alhamisi. Habari ilifika kabla ya saa nne asubuhi, na alasiri viti vilipangwa, wanaume wakajaa ukumbini, kahawa chungu ikazungushwa. Wanawake waliovaa nyeusi walimzunguka Wahiba ndani.

"Haya, Mama Rifai," jirani mmoja alimwambia, akimshika bega. "Mungu amekurudishia haki yako. Mlilie mwanao sasa."

Wahiba alifungua kinywa alie. Ikatoka sauti ya mwanaume, nzito, yenye majimaji, ikasikika mpaka ukumbini ambako vikombe vilisimama njiani kuelekea midomoni.

"Dahi, ndugu yangu, weka panga chini."

Ilisema yote mpaka mwisho, habari ya shamba, habari ya mama darini, kisha ikaanza upya. Wanawake waliondoka bila kuaga. Sheikh Tawwab aliitwa, akamsomea kwa siku tatu, akafungasha vitabu vyake. Msumari ulipopigiliwa mara ya pili, alisema, chini hapakuwa na kitu. Kilikuwa kimekwisha kuhama.

Ustadh Mutawalli alikwenda kwa mwendesha mashtaka na majina ya watu arobaini waliosikia. Mwendesha mashtaka alimsikiliza vizuri, akaagiza chai, akamtuma daktari kijijini. Daktari aliandika kwamba mwanamke yule amepotewa na akili.

"Mwendawazimu si shahidi," alisema mwendesha mashtaka. "Ushahidi alioutoa akiwa mzima ndio unaobaki."

"Lakini ule ndio wa uongo."

"Ule ndio wenye saini, Ustadh."

Faili likafungwa.

Dahi alibaki na mama yake. Ndugu waliacha kuja, na msichana aliyeajiriwa kumhudumia alikimbia siku ya pili. Wahiba hakubali kula kwa mkono wa mtu mwingine ila wa Dahi, hivyo kila adhuhuri Dahi huketi mbele yake, uso kwa uso, akimkatia mkate na kumtia kinywani, na kati ya tonge na tonge ile sauti humwomba tena.

Mwanzoni alikuwa akiziba masikio kwa pamba. Siku hizi wanaopita nje ya ukuta wanamsikia akijibu, kwa upole, kama mtu anayembembeleza mtoto.

"Nimeshaliweka chini, Rifai. Nimeliweka. Mwache mama ale."