Mwanasesere wa Gauni la Njano

Mama yule alimpokonya dada yangu mtoto mikononi.

Alimvuta tu mwanawe, akamkumbatia, akarudi kinyumenyume hadi mgongo ukagusa ukuta wa wodi.

Dada alibaki na mikono hewani, kipimajoto bado kiko katikati ya vidole.

Mlangoni walisimama askari wawili, mwanamke na mwanamume, wote wamevaa kiraia. Nyuma yao alikuwa muuguzi mkuu, anaangalia sakafu.

"Sista, tunaomba uje ofisini," askari wa kike alisema. "Na hiyo sare... muuguzi mkuu anasema uivue kwanza."

"Niivue? Nimefanya nini?"

"Kuna video mtandaoni. Unampiga mtoto mchanga."

Mimi nilikuwa pale pale. Nilimleta binti yangu kuchunguzwa kikohozi, nikawa nimekaa kwenye benchi nikimsubiri dada amalize zamu tuondoke wote. Nikasimama. Nikauliza kwa ile sauti yangu ya mtu aliyesoma:

"Samahani, afande. Ushahidi huo umetoka wapi?"

"Umetoka kwenye kampuni yenyewe ya mtandao, dada. Wao ndio walioona, wao ndio waliotuletea. Na wameandika kabisa kwamba imepitiwa na mtu, si mashine."

Shikeni maneno hayo, wasomaji wangu. Imepitiwa na mtu.

Nyie mnaoufuata ukurasa huu mnanijua. Ni mimi ninayeandika habari za makampuni ya teknolojia: nani ameshika bomba la mtandao, nani anaamua tuone nini na tusione nini, na kwa nini yeye. Sipendi porojo. Ninaleta hoja na ushahidi, na anayekuja na hasira zake kwenye maoni namrudisha darasani. Kila wiki kuna kijana ananiuliza, "Dada, nisome nini niingie kwenye teknolojia?" Namjibu kama profesa.

Sijawahi kuwaambia kazi yangu yenyewe.

Nyumbani wanajua mimi ni mhandisi wa programu. Mama huwatangazia wageni hata kabla hawajakaa: "Huyu mnayemwona ndiye anayetengeneza mtandao." Nami hutabasamu, kama vile bila mimi simu zao zingekuwa matofali.

Ukweli ni kwamba natazama uchafu.

Nina shahada ya kompyuta, na kazi yangu ni kukaa mbele ya kioo na kutazama video ambazo watu wamezilalamikia. Kila moja naibonyezea kitufe kimoja kati ya vitatu. Acha. Futa. Peleka juu, wakubwa waamue. Hata kampuni yenyewe ya mtandao haijui sura yangu, maana nimeajiriwa na wakala wake. Na tumesaini mkataba wa kutomwambia mtu yeyote tunachofanya.

Mkataba ule ulinifaa sana. Uliigeuza aibu yangu ikafanana na siri ya kikazi.

Jioni tulikusanyika kwa mama. Dada alikaa chini, mgongo kwenye kochi, amevaa khanga. Sare ilikuwa kwenye mfuko wa plastiki miguuni pake.

"Si wewe ndiye wa mitandao?" mama aliniambia. "Wapigie wenzako, mwanangu."

"Mama, haiendi hivyo."

"Inaendaje basi?"

"Shemeji, mama kauliza vizuri," mume wa dada alidakia. Ni fundi wa majokofu, mtu wa utani hata msibani, lakini siku hiyo hakucheka. "Mimi jokofu la ndugu yangu likiharibika, siwezi kumwambia haliendi hivyo."

Nikamgeukia dada. "Ni video gani hiyo?"

"Ile ya mtoto aliyepaliwa."

"Ipi?"

"Huwa unaangalia video zangu, wewe?" Aliuliza bila ubaya. "Kina mama waliniomba niwaonyeshe, mtoto akikwamwa na kitu kooni, unamgongaje mgongoni kitoke. Wengine wanakaa mbali. Mtoto hasubiri gari. Nikapiga video, nimevaa sare ili waniamini."

"Ulimtumia mtoto wa nani?"

"Mtoto wa nani tena? Mwanasesere. Yule wa mwanao, aliyemsahau hapa."

Alikuwa juu ya kabati la vyombo. Mwanasesere wa gauni la njano, gauni nililolishona mimi mwenyewe kwa mkono, pindo limepinda upande mmoja.

"Nimekata rufaa," dada aliendelea. "Wamejibu kwamba mtu mwingine ameipitia tena, na uamuzi ni ule ule. Jumatatu naitwa kwenye kamati ya hospitali. Wakiiamini hiyo barua ya mtandao, leseni yangu imekwenda. Sitashika mtoto wa mtu tena."

Hapo ndipo nilipoongea. Nawaandikia maneno yangu kama yalivyotoka.

"Mtu anayeona mwanasesere akasema ni mtoto, hana akili. Nitamtafuta. Nitakuletea jina lake hapa, mama."

Mama aliyakunja mapindo ya khanga yake taratibu.

"Hivi huyo mtu," akasema, "hana dada?"

Kesho yake nilifika kazini na namba ya kesi ya dada imeandikwa kwenye kiganja.

Ili mnielewe, lazima niwaeleze tunavyofanya kazi. Hatuangalii video kama nyie. Tuna kitu kinaitwa hali ya kinga. Ukiiwasha, rangi zinatoka, kila kitu kinakuwa kijivu. Sura za watu zinafunikwa ukungu. Sauti inazimwa, na picha inakwenda mbio. Iliwekwa kwa nia njema. Rangi na sauti ndivyo vinavyomfuata mtu hadi kitandani kwake, na mimi nilitaka kulala.

Kwa hiyo niliiwasha siku ya kwanza, sikuizima tena.

Kasi yangu ilikuwa kubwa na makosa yangu machache. Machache kiasi kwamba maamuzi yangu yalifanywa kipimo. Maana yake ni kwamba video niliyokwisha kuihukumu inachomekwa kimya kimya kwenye foleni ya mwenzangu. Akijibu tofauti na mimi, amekosa. Mashine nayo inafundishwa kwa majibu hayo hayo. Picha yangu ilibandikwa ukutani, karibu na mtungi wa maji ya kunywa.

Anayekaa mkabala nami tulimpachika jina la Mchungaji, kwa sababu husikiliza kila mtu hadi mwisho. Yeye hakuwa na kinga. Alivaa hedfoni, akawasha rangi, akatazama yote. Alikuwa wa mwisho kila mwezi.

Asubuhi hiyo kiti chake kilikuwa kitupu.

"Mchungaji yuko wapi?"

"Kaondolewa," msimamizi alijibu, anakoroga chai. "Alama zimeshuka chini ya mstari. Tena kakosa swali la kipimo. Swali lako mwenyewe."

"Nilimwambia avue zile hedfoni," nikasema. "Hii si kwaya."

Wenzangu wakacheka. Nami nikacheka.

Kisha nikakaa, nikaandika namba iliyokuwa kiganjani.

Kesi ikafunguka. Umbo la kijivu, sura ina ukungu. Linamlaza mtoto kifudifudi juu ya paja, kichwa chini, linampiga mgongoni kwa kiganja. Tena. Tena.

Nilikuwa nimeshaiona.

Nilikumbuka hata nilichokuwa nawaza nilipoiona. Niliwaza kwamba chai imechelewa.

Chini ya picha paliandikwa: Uamuzi, futa. Sababu, ukatili dhidi ya mtoto. Mamlaka zijulishwe. Na namba ya mpitiaji...

Ilikuwa namba iliyoko kwenye kitambulisho kilichoning'inia shingoni mwangu.

Nikateremsha ukurasa. Rufaa: mpitiaji wa pili amesema, acha. Chini yake ameandika, "Huyu ni mwanasesere. Hili ni somo la huduma ya kwanza. Tafadhali washeni sauti." Namba ilikuwa ya Mchungaji. Halafu mstari mmoja wa mashine: "Jibu halilingani na kipimo. Limesahihishwa. Futa."

Nikaizima kinga.

Rangi zikarudi. Njano ikaja kwanza. Pindo limepinda upande mmoja. Ukungu ukatoka usoni, akawa dada yangu, yule aliyenifundisha kufunga kamba za viatu. Nikavaa hedfoni za Mchungaji, zilikuwa bado mezani kwake.

"Mimi ni sista wa wodi ya watoto, hospitali yetu pale karibu na mnara wa simu," dada alikuwa anasema. "Na huyu ni mwanasesere, kina mama. Msije mkaniitia askari."

Akacheka mwenyewe kwa utani wake.

Nilikwenda kwa msimamizi.

"Nataka kubadilisha uamuzi wangu mmoja."

"Upi?"

"Wa kipimo."

"Hicho hakibadiliki. Ukikigusa, alama za ghorofa nzima zinavurugika, na malipo ya watu nayo."

"Nilikosea. Ni dada yangu."

Aliweka kikombe chini. "Kufungua kesi ya ndugu yako ni kosa la kufukuzwa kazi. Mimi sijasikia kitu. Rudi ukakae."

Wasomaji wangu, mngependa niwaambie kwamba nilimrushia kitambulisho usoni. Nilirudi nikakaa. Nikahukumu video hadi jioni. Kinga nilikuwa nimeizima, na sikumaliza hata nusu ya kazi ya siku.

Jumatatu nilikwenda hospitalini badala ya kwenda kazini. Nilikuwa nimejipanga. Nitaingia, nitasema ukweli, nitavunja mkataba, nitapoteza kazi, dada ataokoka. Niliona hesabu inakubali: kosa ni langu, na malipo nitatoa mimi.

Karani alinifungulia mlango wa chumba cha kamati kikao kikiwa katikati. Sikungoja kukaribishwa.

"Aliyeifuta video ile ni mimi," nilisema. "Mimi ni mdogo wake. Sikuwasha sauti. Nilimwona mwanasesere nikaandika mtoto."

Dada aligeuza shingo polepole, akanitazama kama anatafuta mahali alipowahi kuniona.

Daktari mwenyekiti alivua miwani.

"Ahsante, dada," alisema kwa upole. "Lakini suala hilo tumelimaliza kabla hujaingia. Askari wamelifunga jalada. Sista anarudi kazini kesho. Bwana huyu ametueleza yote."

Alionyesha mwisho wa benchi.

Mchungaji alikuwa amekaa pale, kavaa tai, mikono juu ya magoti.

Hakuna aliyemwambia jina la dada yangu, wala jina la hospitali. Alikuja kwa sababu alisikiliza. Wodi ya watoto, karibu na mnara wa simu. Kazi alishapoteza, na mkataba bado ungeweza kumpeleka mahakamani, lakini alikuja.

Aliniinamishia kichwa kidogo, kama tunavyosalimiana kazini.

Kwa hiyo ukweli wangu haukumwokoa mtu. Ulichofanya ni kumjulisha dada, mbele ya watu, kitu ambacho Mchungaji alikuwa amemfichia. Baadaye nilikuja kujua kwamba walipomuuliza nani alibonyeza, alijibu, "Ni mfumo tu."

Tulitoka nje. Kwenye bomba la kunawia mikono dada alisimama, akanigeukia.

"Wewe si ulisema unatengeneza mtandao?"

"Nilisema."

"Na ulisema aliyeifuta hana akili."

"Nilisema, dada."

"Twende basi. Ulimwahidi mama jina."

Mama alikuwa anapepeta mchele. Nilipiga magoti, kitu ambacho sijakifanya tangu siku ya harusi yangu.

"Mama, uliuliza yule mtu kama hana dada."

"Ndiyo."

"Anaye, mama."

Ungo ulisimama. Alinitazama mimi, akamtazama dada, akanirudia. Sikuona hasira usoni mwake, na ingekuwa nafuu kwangu kama ningeiona. Alisema tu, "Na wale wageni wote niliowaambia..." Akarudi kwenye mchele wake.

Dada ndiye aliyemchukua mwanasesere juu ya kabati.

"Ukurasa wangu wamekwisha kuufunga," aliniambia. "Wako upo. Shika simu, tupige upya. Na usizime kitu."

Tukapiga. Rangi zote, sauti yote, mwanga wa dirishani. Binti yangu alikaa pembeni akisimamia heshima ya mwanasesere wake. Dada aliurudia hata ule utani wa askari, ingawa safari hii hakucheka. Nikaipandisha hapa, kwenye ukurasa huu mnaousoma. Wachache wenu mliiona.

Haikukaa hata muda wa maji ya chai kuchemka.

"Video yako imeondolewa. Sababu: ukatili dhidi ya mtoto. Uamuzi huu umefanywa na mashine."

Binti yangu alichungulia kwenye simu. "Mama, nani kaifuta?"

"Mimi," nilimwambia.

"Lakini si umeshika simu tu, hujabonyeza kitu?"

Nimeacha kazi ile. Video za wauguzi wengine zinaondolewa moja baada ya nyingine, katika nchi kadhaa, kwa jibu langu lile lile mashine ililofundishwa. Mchungaji na mimi tunaandika malalamiko kwa kila anwani tunayoipata. Hadi sasa wanaotujibu ni mashine.

Vijana mnaoniuliza msome nini: someni kompyuta, ni elimu nzuri. Ila siku mkiajiriwa kuhukumu watu msiowaona, washeni sauti, hata kama mtakuwa wa mwisho kila mwezi.

Na hili hapa ndilo somo la dada, ananitajia nami naandika. Mtoto wa chini ya mwaka akipaliwa, asiweze kulia wala kukohoa, mwite mtu atafute msaada. Mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kiwe chini kuliko kifua, ushike taya. Mgonge katikati ya mabega kwa kitako cha kiganja, hadi mara tano. Kisipotoka, mgeuze, bonyeza katikati ya kifua kwa vidole viwili, mara tano. Rudia hadi kitoke au msaada ufike.

Nimeyaandika kwa maneno kwa sababu hayo, mashine niliyoifundisha bado haijajua kuyafuta.