Nani Alimuona Mwewa Akizaliwa?

Kila asubuhi Agness alipasua samaki kando ya ziwa, hapa Nchelenge. Alikuwa mjane. Samaki aliwakausha kwa moshi, kisha akawauzia watu wa baiskeli wanaopeleka mizigo bara.

Siku ile mwana wake Mwewa alikaa karibu naye, akishona nyavu. Mwewa alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu kule Uganda. Alikuwa amekuja likizo.

"Huko chuoni wanafundisha kushona nyavu?" Agness akamuchekelea.

"Hapana, mama. Ni wewe uliyenifundisha."

"Basi usiniletee haya. Tundu lile hata kiboko anapita."

Mesenja wa Boma, ile ofisi ya serikali, akafika na baiskeli. Hakusalimia.

"Mwewa mwana wa Kafula ni weye?"

"Njo miye."

"Boma imesema weye ni mutu wa Congo. Baba yako alitoka ng'ambo ya ziwa. Tena unachochea wavuvi wakatae sheria ya nyavu. Mbele ya mwezi kuisha, uvuke, urudi kwenu."

"Kwao wapi?" Agness akasimama, kisu mukononi. "Kwao ni hapa!"

"Ba mama, miye ni mutu wa kutumwa tu."

Akapanda baiskeli, akaenda.

Mwewa akaweka nyavu chini. Kisha akasema, "Mama, masomo yangu yanalipwa na serikali ya nchi hii. Ni kwa wana wa nchi tu. Wakinivusha, chuo kimekwisha."

Habari ikatembea katika vijiji vyote. Watu hawakuuliza, "Tutafanya nini?" Waliuliza, "Nani alimusema kwa Boma?" Kila mutu akamutazama mwenzake. Wanawake waliokuwa wakichota maji wakizungumza, sasa wakachota na kuondoka.

Chalwe, kaka mukubwa wa Agness, hakuwa na mashaka. "Ni Matildah. Mwana wake anavaa kofia ya Boma, ni mutumishi wao. Nyumba yake iko karibu na yako. Nani mwingine anasikia maneno yenu?"

"Yaya," Agness akasema, kama mudogo anavyomuita mukubwa wake, "umemusikia akisema?"

"Nyoka husikii akisema. Unaona njia yake tu."

Agness hakutaka kuamini. Lakini kesho yake Matildah alipomuamkia, Agness aliinama juu ya samaki kama hakusikia.

Chalwe alitaka kumuficha Mwewa katika kisiwa cha Kilwa, humu ziwani. Alikwisha kuandaa mutumbwi. Mzee Chisenga ndiye aliyewazuia. Zamani alikuwa karani wa baraza la mufalme, naye alizijua njia za Boma.

"Mutu akikimbia, anawasaidia wanaomufukuza," akasema. "Watasema: munaona? Mugeni amekimbia. Amri ya Boma inajibiwa. Nendeni, muulize sababu. Muombe kusikilizwa. Halafu mulete watu walioona kwa macho kwamba alizaliwa hapa."

"Mwalimu wangu na wanafunzi wenzangu wamekwisha kuniandikia Boma," Mwewa akasema. "Wanaomba nisifukuzwe."

"Ni vizuri. Waendelee, sauti nyingi zinasaidia. Lakini wao wanajua wewe ni mutu gani. Hawajui ulizaliwa wapi. Hiyo ni kazi ya watu wa hapa."

Basi Chalwe akakusanya wazee wanaume, wenye heshima. Wakapanda lori ya samaki mpaka Boma. Muzungu kijana, mukubwa wa Boma, akawapokea. Karibu naye alisimama mukalimani, mutu wa ziwani kama wao.

"Nani kati yenu alimuona akizaliwa?" muzungu akauliza.

"Sisi wote tunajua, bwana," Chalwe akasema. "Alizaliwa Kabuta, kijijini kwa mama yangu."

"Sikuuliza nani anajua. Nani aliona?"

Wazee wakatazama chini. Kwetu mwanaume haingii nyumba ya kuzalia. Hata mwenye muke anakaa nje mpaka aitwe. Ndipo mzee Bwalya, kwa huruma, akasema kwa sauti kubwa, "Miye niliona!"

Mukalimani akacheka mpaka akashika meza. "Weye, tata, mwanaume? Ndani ya nyumba ya kuzalia? Banamuke balikuacha muzima?"

Muzungu akauliza anacheka nini. Akaelezwa. Uso wake ukabadilika.

"Huyu amesema uwongo," akasema. "Sasa na ninyi wengine nitawaamini namna gani?"

Akawatoa nje.

Wakapanda lori kurudi. Njiani Bwalya akasema, "Nilitaka kusaidia."

"Umesaidia Congo," Chalwe akamujibu.

Chisenga aliposikia, alitikisa kichwa. "Munapeleka wanaume kushuhudia kazi ya wanawake! Uwongo mudogo umechafua ukweli mukubwa. Agness, nani walikuwa ndani ya nyumba siku ile?"

Agness akahesabu kwa vidole. "Mama yangu, naye amekufa. Jessy, ndugu ya marehemu bwana yangu. Na yule aliyemupokea mutoto."

"Nani?"

"Matildah."

Chalwe akatema mate chini. "Heri tuombe mamba."

Agness alisali. Aliomba Mungu amupe shahidi mwingine. Hakupewa. Basi akaenda kwa Matildah, mutu aliyemunyima salamu.

Matildah alikuwa akitwanga muhogo. Hakuacha kutwanga.

"Leo umeona njia ya kwangu? Nilifikiri imeota majani."

"Nimekuja, yaya."

"Naona. Kaa. Ao unaogopa kiti changu?"

Agness akakaa. Alitaka kuomba, lakini neno lingine likatoka. "Ni wewe uliyemusema kwa Boma?"

Mutwango ukasimama.

"Nikisema hapana, utaniamini?"

Agness akaokota kipande cha muhogo, akakiweka tena.

"Basi jibu langu utalifanyia nini? Uliza kile kilichokuleta."

"Mwewa atavushwa. Wewe ndiye ulimupokea. Uende useme."

"Mambo ya uzazi mbele ya wanaume? Mbele ya muzungu?"

"Si mambo ya uzazi. Mahali, na mutoto. Hayo tu."

Matildah akautazama unga. "Mutoto yule nilimuosha mimi kabla wewe hujamushika. Nitakwenda. Lakini si kwa sababu yako."

Jioni Chisenga akawaeleza Matildah na Jessy. "Musipange maneno pamoja. Kila mutu aseme alichokiona yeye. Usichokijua, sema sijui. Hiyo si aibu. Na ninyi wengine, nendeni wengi, musimame kimya, musitukane. Boma ione kwamba mutu huyu ana watu."

Wanawake wa Nchelenge na wa Kabuta wakajaza lori, juu ya mizigo ya samaki. Agness aliwatazama mumoja mumoja. Aliwaza, labda aliyemusema mwana wangu amekaa hapa, anaimba pamoja nasi. Matildah aliona macho yake, akageuza uso.

Mbele ya Boma wanawake wakasimama katika jua, watoto mugongoni. Mukalimani akatoka, akauliza, "Banamuke, munataka vita?"

"Tunataka kusikilizwa," Agness akasema.

Muzungu akawaita mashahidi, lakini mumoja mumoja. Matildah akaingia, Jessy akangoja mbali, na Agness akaachwa karibu na mulango, akasikia yote.

"Alizaliwa Kabuta, kwa nyanya yake," Matildah akasema. "Kwetu mimba ya kwanza, mwanamuke anarudi kwa mama yake. Baba ya mutoto alikuwa nje. Nilimutuma kuni, akaleta mbichi. Nyumba ikajaa moshi, tukakohoa sote. Nyanya alimutukana siwezi kukuambia namna gani."

"Ilikuwa saa gani?"

"Asubuhi. Mvua ilikuwa ikinyesha."

Kisha akaitwa Jessy. Naye akasema Kabuta, kwa nyanya. Akasema moshi wa kuni mbichi. "Kaka yangu alisimama nje kama mwizi. Sitasahau." Lakini mvua, akasema, ilinyesha jioni.

Agness akasogea mulangoni. Muzungu akasoma tena aliyoyaandika. Akamuuliza Jessy mara ya pili. Jessy akasema, "Mvua sijui sana. Moshi najua."

Muzungu akaweka kalamu chini. "Wangepanga, wangesema mvua moja," akamuambia mukalimani. "Mutu huyu alizaliwa hapa. Amri imeondolewa. Lakini maneno ya nyavu nitayaangalia."

Nje, wanawake walipiga vigelegele mpaka mukalimani akaziba masikio.

Tangu siku ile desturi imeongezwa. Mutoto akizaliwa, wanawake waliomupokea wanakwenda barazani kwa mufalme wangali wanakumbuka, naye karani anaandika maneno yao. Wazee walinunanuna. Bwalya peke yake hakununa.

Likizo ilipokwisha, Mwewa alipanda basi, akarudi chuoni. Agness na Matildah walimusindikiza. Basi likapotea katika vumbi.

"Uliniuliza kama ni mimi niliyemusema," Matildah akasema. "Mwana wako amepona. Unataka jibu bado?"

"Hapana."

"Uwongo. Unalitaka."

Agness akatazama chini. "Ndiyo. Nalitaka."

"Afazali hivyo," Matildah akasema. "Sasa unaniuliza mimi, huwaulizi watu." Akamushika mukono, na njiani akaanza kumueleza.