Meza Iliyovimba

Kila asubuhi nilifuta meza. Hapakuwa na mengi ya kufuta. Mtu mmoja akinywa chai huacha duara la kikombe na chembe za mkate, basi. Lakini nilizoea kufuta baada ya watu wengi, na mkono haujui kwamba watu wameondoka. Nililowesha kitambaa, nikakikamua kidogo, nikafuta meza nzima, hata pale ambapo hakukaa mtu.

Meza ilikuwa kubwa. Mume wangu ndiye aliyetaka iwe kubwa. Alikuwa dereva wa lori. Getini kwa mwajiri wake ulikuwepo mjakaranda, nao ukakatwa. Aliniambia umezeeka. Akauomba, akaupeleka kupasuliwa mbao, akazipanga kwenye korido yetu moja juu ya nyingine, na vijiti katikati ili hewa ipite. Tulipita korido hiyo kwa ubavu kama kaa. Nikilalamika alisema, "Vumilia. Zikikauka, watoto wote watakula meza moja." Watoto wakakua, wakaenda mbali kutafuta maisha. Mbao zikabaki. Kisha yeye mwenyewe akaugua, na hakuinuka tena.

Baada ya mazishi watu walijaa nyumbani, halafu wakapungua, halafu nikabaki mimi, cherehani ninayoshonea watu nguo, na ile korido. Nikaona nitimize ile meza.

Kazi nilimpa seremala, rafiki wa mume wangu. Ananiita shemeji, nami namwita shemeji. Yeye ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea mwenzake. Mtu wa namna hiyo humuulizi maswali. Nilimwambia tu, "Shemeji, mbao hizo hapo. Nitengenezee meza aliyoitaka." Akasema nisijali. Hayo ndiyo yalikuwa makubaliano yetu yote.

Meza ilikuja inang'aa. Nilimkaribisha chai, akasema ana haraka, akaondoka akiangalia chini. Nilidhani ni majonzi.

Haukupita muda mrefu, ukingo wa meza ukaanza kuvimba upande ule ninaokaa. Mwanzo ulikuwa uvimbe mdogo kama chunusi, baadaye ukawa kama mdomo ulioumwa na nyuki. Nikaubonyeza kwa ukucha. Ganda likafunuka, jembamba kama la kitunguu. Chini yake ukatoka unga.

Nilikaa nikiuangalia ule unga kidoleni. Nilitaka kujua jambo moja tu. Mbao za mume wangu ziko wapi?

Nilitandika kitambaa juu ya ule uvimbe, na aliyekifunua ni jirani yangu. Tunamwita Mizani, kwa sababu kabla ya kustaafu kazi yake ilikuwa kupita masokoni kukagua mizani za wafanyabiashara. Alikuja kuchukua gauni lake, akaegemea meza, akahisi kitu.

"Meza yako ina matubwitubwi," alisema.

Nilicheka, na mwenyewe nikashangaa. Tangu msiba, watu walikuwa wanazungumza nami kwa sauti ya wodini.

Nilipomweleza, alichuchumaa, akachungulia chini ya meza, akagonga hapa na pale. Miguu ni mbao nzima, alisema. Lakini uso ni ubao wa kiwandani, unga wa mbao ulioshikanishwa kwa gundi, na juu umebandikwa ganda la mbao halisi. Ubao huo si mbaya, watu wanautumia na unadumu, ila haupatani na maji.

"Ubaya ni kwamba hukuambiwa," alisema. "Ungeambiwa, ungeamua kama unautaka au huutaki. Na kama ungeutaka, ungeufuta kwa kitambaa kikavu."

Nikamwambia siwezi kumshtaki mtu aliyemzika mume wangu.

"Nani kasema umshtaki? Kuuliza si kugombana. Mimi nimewauliza wauza nyama maswali maisha yangu yote, na bado wananisalimia. Baadhi yao."

Akanieleza jinsi ya kufanya. Nisiibomoe meza wala nisijaribu kuitengeneza. Niiache ilivyo, niipige picha. Niende mwenyewe kwa fundi, nimweleze kwa utulivu nilichoagiza na nilichopata, kisha nimwache ajibu. Tukielewana, tuandike tulichokubaliana na wote wawili tutie sahihi. Akikataa kabisa, ndipo niende kwenye ofisi inayosikiliza malalamiko ya wateja, nikiwa na picha zangu. Alisema wengi hawafiki huko, humalizana karakanani.

Nilimkuta shemeji akipiga randa. Nilimwonyesha picha kwenye simu.

"Shemeji, nilikupa mbao za mjakaranda," nilisema. "Uso wa meza si mjakaranda. Mbao zangu ziko wapi?"

Alijipangusa mikono kwenye suruali, akaniongoza hadi nyuma ya karakana, akafunua turubai. Zilikuwepo. Akainua ubao mmoja, akaugonga sakafuni. Vumbi jeupe likamwagika kutoka kwenye vitundu vidogo kama vya sindano. Wadudu wa mbao walikuwa wamezila ndani kwa ndani, tangu zikiwa kwenye korido yetu. Hazikuwahi kupakwa dawa. Kwa nje nyingi zilionekana nzima. Alipozipasua ndipo alipogundua.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa umetoka kuzika," alisema. "Ningekuambiaje kwamba hata mbao zake zimeliwa? Nikaona nitafute ubao mwingine mwenyewe, wewe upate meza, yaishe."

Nilimwamini. Hata hivyo jibu hilo halikunitosha. Watoto wangu wakiumwa wananificha. Wanawake wa mtaani nikipita wanakatisha mazungumzo. Wote wananihurumia, nami nakaa katikati yao kama mtu aliyefungiwa chumba cha pili.

"Nimefiwa, shemeji," nilimwambia. "Sijawa mtoto. Ungeniita tungeziangalia pamoja. Wewe na mimi tu ndio tuliobaki tunaozijua hizi mbao."

Aliinamisha kichwa, akasema, "Kweli. Nimekosa."

Tuliketi kwenye benchi lake tukazungumza, kwa mara ya kwanza, kama fundi na mteja. Tulichagua vipande visivyoliwa. Havikutosha meza ya watu wengi, vilitosha meza ya watu wawili. Tukaandika kila sehemu itatumia mbao gani. Miguu ya meza kubwa ipunguzwe unene itumike tena, na ule uso wa ubao wa kiwandani auchukue yeye. Mbao zipakwe dawa ya wadudu kwanza. Mabaki yarudi kwangu. Na kabla ya kupaka vanishi, niitwe nione, kwa sababu Mizani alikuwa ameniambia kwamba vanishi ikishapakwa, fundi mwenyewe tu ndiye anayejua kilicho chini.

Aliniita, nikaenda. Kwenye mbao ilionekana mistari iliyofifia, alama za vile vijiti vya korido. Alisema randa itaiondoa yote. Nikamwomba aiondoe juu, na chini aache kama ilivyo.

Siku alipoileta, alikaa. Alipokunywa chai aliniangalia usoni, akasema kwa kuwa tumekubaliana kutofichana, lipo lingine.

"Ule mjakaranda haukuzeeka. Mwenzangu aliugonga kwa lori akirudi nyuma. Ukainama ukataka kuziba geti, ndiyo maana wakaukata. Aliniapisha nisikuambie."

Mume wangu alikuwa akijisifu kwamba anaweza kurudisha lori nyuma hata akifungwa macho. Nilicheka mpaka machozi yakatoka, na yalipotoka hayakuwa ya kicheko peke yake. Shemeji hakuondoka. Alijimiminia chai nyingine, akangoja.

Siku hizi mlangoni kwa karakana yake ametundika vipande vya mbao halisi na vya ubao wa kiwandani, vya aina mbalimbali, na mteja huonyeshwa kabla ya kuagiza. Mizani hupita pale kuvigonga, hata asipokuwa na la kununua.

Nami asubuhi nafuta meza yangu kwa kitambaa chenye maji, na haivimbi. Bado nakunywa chai peke yangu. Nikimaliza, napitisha mkono chini ya meza, pale ambapo randa haikupita.